Sheria Yangu ya Utulivu

Jumatano, 1 Julai 1987

Nimeamshwa na tarumbeta tena. Saa moja kasoro asubuhi! Siku ya tisa mfululizo.

Mpigaji ni Hermani, mpangaji wangu wa chumba cha tatu. Kijana wa Bashay, mrefu, mapafu mapana. Anaendesha kombaini kwenye shamba la ngano la serikali. Kanisa lao limeletewa tarumbeta sita, na moja amepewa yeye. Sasa ni mavuno, na kombaini haiingii shambani mpaka umande ukauke. Kwa hiyo kila siku mpaka saa nne asubuhi Hermani hana kazi nyingine duniani isipokuwa mimi.

Anapiga wimbo mmoja. Nusu yake tu. Akifika katikati anakosea, anarudi mwanzo. Nusu ya pili sijawahi kuisikia. Hilo linaniumiza kuliko kelele yenyewe. Mtu unalala umekaza misuli, unangoja uishe.

Leo nimetoka nje na shuka. Nikamwambia mimi ni karani mstaafu wa ghala la ushirika, nimetumikia miaka ishirini na sita, nina haki ya kulala. Akavua kofia, akasema shikamoo mzee, umeamkaje. Nikasema marahaba. Ukishaitikia marahaba, hasira inaishiwa nguvu. Nadhani vijana wanalijua hilo.

Mke wangu Efrazia anasema mtoto wa watu anapiga vizuri. Efrazia huamka saa kumi na moja alfajiri. Maoni yake hayahusiki.

Na si Hermani peke yake. Scolastica, fundi cherehani wa chumba cha kwanza, ana bata watano. Bata wote watano wamechagua benchi langu, na si kwa kukaa tu. Ng'ambo ya barabara kuna kilabu cha pombe cha Julius Tadei. Wateja wake wanavuka barabara kuja kukojoa kwenye ua wangu wa minyaa, ilhali Julius ana choo. Nilipomlalamikia alisema ua wangu una kivuli kizuri.

Julius naye anapangisha. Vyumba saba, sakafu ya saruji. Mimi vitano, sakafu ya udongo. Nalitaja kwa ajili ya kumbukumbu tu.

Nimekata shauri. Nyumba hii itakuwa na sheria.


Alhamisi, 2 Julai

Siku njema sana! Nimeandika Masharti ya Nyumba. Vifungu kumi na vinne. Mwandiko wa ghala, herufi zimelala upande mmoja. Nimepiga muhuri. Muhuri nilionao ni ule wa zamani wa kazini unaosema IMEPOKELEWA, lakini muhuri ni muhuri.

Kifungu cha nne ndicho roho ya waraka: "Ni marufuku kupiga chombo chochote cha sauti kuanzia saa moja hadi saa nne." Kifungu cha kumi na mbili nimekiweka ili nionekane mwenye haki: "Mpangaji asiyevunja sharti lolote hataondolewa kabla ya miezi sita."

Nimebandika nakala moja mlangoni na kumpa kila mpangaji yake. Hermani amesoma yote, amesaini, amenisifu kwa mwandiko mzuri. Kijana mwepesi kuongozwa. Nilimwonea bure.


Ijumaa, 3 Julai

Tarumbeta. Saa moja kasoro dakika tano.

Nilikimbia na nakala mkononi. Nikamwonyesha kifungu cha nne. Akashangaa kweli kweli. Alisema, "Lakini mzee, saa hizo mimi huwa kwenye kwaya. Sijawahi kupiga hapa usiku hata siku moja."

Nikasoma upya. Saa moja hadi saa nne. Sikuandika asubuhi.

Scolastica alikuwa anasikiliza mlangoni kwake. Akasema mbele ya bata wake kwamba hata yeye alielewa usiku. Nikamwambia Hermani kwamba nitarekebisha. Akasema sawa mzee, lakini kwa kuwa tumeshasaini, si itabidi tusaini upya? Na kwa sasa hana nafasi, umande unakaribia kukauka.

Sheria ya nyumba moja haina meno. Inatakiwa sheria ya kijiji kizima. Kesho naenda kwa diwani.


Jumamosi, 4 Julai

Diwani Margwe alinipokea vizuri. Alikuwa anakula mahindi ya kuchoma na hakuacha. Nikamweleza kwamba tangu shamba la ngano lije, senta yetu imejaa wapangaji kutoka kila upande, na tabia za kero zimezidi: kelele, mifugo ndani ya nyua, haja ndogo hadharani. Nikasema wenye nyumba na watunga sheria washikane mikono.

Aliacha kutafuna. Akasema maneno hayo niyaandike, "washikane mikono," maana atayatumia kwenye baraza la halmashauri Katesh. Jumanne ni Sabasaba, watu wote watakuwapo, basi baada ya hotuba mkutano mkuu wa kijiji upitishe sheria ndogo ya utulivu. Na mwandishi wa rasimu niwe mimi.

Mimi! Nimerudi nyumbani kwa njia ya mbele ya kilabu cha Julius, polepole, ili anione.


Jumanne, 7 Julai. Sabasaba

Historia imeandikwa, na kalamu ilikuwa yangu.

Watu walijaa uwanja wa shule. Diwani alisema "washikane mikono" mara sita. Kisha nikasoma rasimu. Kelele: kosa. Mifugo kuzagaa kwenye nyumba za kupanga: kosa. Kukojoa kwenye ua wa mtu: kosa, na hapo nilimtazama Julius Tadei kwa muda mrefu. Adhabu: kufyatua matofali mia moja ya zahanati yetu ya kijiji. Kosa la pili, mia mbili. Kosa la tatu, nyumba inafungiwa kupangisha mpaka msimu ujao.

Mtu mmoja akauliza kelele ni nini, maana ng'ombe wake hulia. Swali zuri. Nikaongeza papo hapo: "Kelele ni sauti isiyopendwa na majirani walio wengi." Diwani akanipigia makofi.

Halafu akasimama Mama Genoveva, balozi wetu wa nyumba kumi. Mama mfupi, anaongea kama anapanga kuni. Alisema, "Hawa vijana wa kombaini, mavuno yakiisha wanaondoka. Tutawakimbiza mpaka Arusha? Nyumba haiondoki. Awajibike mwenye nyumba." Watu wakashangilia. Julius naye alipiga makofi, kisha akakumbuka kwamba anapangisha, akaacha. Mimi niliendelea kupiga muda mrefu kuliko wote. Vyumba saba, Julius!

Mwishoni mtu alipendekeza ng'ombe wasipitishwe senta kwenda majini. Akasimama Mzee Gidabasa, mmoja wa wafugaji wa bondeni, na shuka lake na fimbo. Alisema yeye alipitisha ng'ombe hapa kabla hapajawa na nyumba hata moja. Ngano ilipokuja ikafunga njia zake zote, ikabaki hii. "Sasa niambieni," akasema, "nani amemjia mwenzake?"

Watu wakatazama chini. Diwani akatazama saa. Mimi nikiwa mwandishi sikujua swali hilo linaingia kifungu gani. Nimeliweka kwenye "Mengineyo."


Alhamisi, 9 Julai

Efrazia ameniomba nimsomee sheria. Nikasoma kwa sauti ya mkutano. Nilipofika "awajibike mwenye nyumba" akaacha kuchambua maharage.

Akasema, "Baba Imakulata, tarumbeta iko nyumba ya nani?"

Nikasema yetu.

"Bata?"

Nikasema yetu.

Hakuuliza la tatu.

Nimetembea uani mpaka jua limezama. Ni lazima Julius akamatwe kabla yangu. Wa kwanza ndiye atakayekumbukwa, wa pili hasemwi sana. Mpango: kesho mchana ninajificha ndani ya ua wa minyaa na daftari. Mteja yeyote wa kilabu akija na haja yake, naandika jina, saa na sehemu. Rahisi.


Ijumaa, 10 Julai

Naandika kwa jicho moja.

Niliingia kwenye minyaa saa saba mchana. Joto. Sisimizi. Saa nane kasoro akaja mteja wa kwanza, anaimba. Nikainama ili nione sura yake vizuri. Tawi likakatika. Utomvu wake, mkali kama pilipili, ukaingia jicho la kushoto.

Sijui nilisema nini. Efrazia anasema hayakuwa maneno. Anasema alinisikia akiwa kisimani. Kilabu kizima kilivuka barabara, mafundi wa shamba wakasimamisha trekta, na wanafunzi wakatoka madarasani wakidhani ni kengele. Yule mteja alikimbia kabla hajamaliza. Ushahidi wote ukapotea.

Efrazia amenisafisha jicho kwa maziwa ya ng'ombe, kikombe baada ya kikombe. Nikiwa nimelala chali, maziwa yananitiririka masikioni, akaingia Mama Genoveva. Alinipa pole. Kisha akaniuliza taratibu kama ni mimi niliyepiga ile kelele. Nikasema ndiyo, nani mwingine? Akauliza kama majirani walio wengi waliipenda.

Mtu wa kwanza kupatikana na hatia chini ya Sheria ya Utulivu: mimi, Isidori Qamara. Shahidi wa kwanza: Julius Tadei, ambaye alisema kwa huzuni kwamba chai yake ilimwagika.

Matofali mia moja.


Jumamosi, 11 Julai

Kufyatua matofali si kazi ya karani. Udongo unanata kwenye kalibu. Kwa saa nzima nimetoa matofali manne. Moja lilikuwa na umbo la mkate.

Akaja Hermani. Shikamoo mzee. Akavua shati, akasema umande bado. Mpaka saa nne alikuwa amepanga matofali hamsini, yote yamenyooka. Nami nilisimamia.

Tukazungumza. Mama yake amelazwa hospitali ya Haydom tangu Mei. Alianguka na kuvunjika mguu, na mguu umefungiwa uzito wa kuunyoosha, hawezi hata kugeuka kitandani. Ule wimbo ndio aliokuwa akiwaimbia watoto wake shambani. Jumapili ya tarehe 26 kikundi cha tarumbeta kitakwenda kupiga nje ya wodi, na Hermani ndiye atakayeongoza. Nusu ya pili inamshinda. Alisema anaogopa kuliko siku ya kwanza alipoendesha kombaini.

Nilimhurumia sana. Kwa muda mrefu. Mpaka nilipofika nyumbani, ambako nilikuta Mama Genoveva amepita na kuacha onyo: yamekuja malalamiko kutoka kwa Julius Tadei kuhusu tarumbeta na bata. Kosa la pili linanukia.

Nimefikiri. Mwenye nyumba awajibike. Lakini akiwa hana mpangaji msumbufu, atawajibika kwa nini?


Jumapili, 12 Julai

Nimempa Hermani notisi. Nilimpa mapema asubuhi, kabla ya ibada, ili apate faraja kanisani. Mpaka Jumanne ahame.

Hakubisha. Alisema sawa mzee, kisha akauliza kama matofali yaliyobaki nitayamaliza mwenyewe au aje.

Efrazia alikuwa amesimama nyuma yangu na kijiko cha ugali. "Umemfukuza mtu anayekufyatulia matofali." Nikamweleza mambo ya sheria. Akasema hajui sheria, ila anajua kijana ambaye mama yake amelala Haydom. Tangu hapo haongei nami. Ugali ulikuja na mboga, lakini uliwekwa mezani kwa kishindo.

Watunga sheria hawaeleweki nyumbani kwao.


Jumanne, 14 Julai

Hermani amehama. Nimesimama mlangoni nikiangalia mkokoteni wake unaondoka. Ulivuka barabara. Ukasimama.

Kwa Julius! Chumba cha mbele! Dirisha linatazama dirisha langu!

Baada ya saa moja Scolastica naye akatoka na cherehani kichwani na bata watano nyuma yake, wamepanga mstari. Alisema Julius amemchimbia bata kidimbwi. Bata wa mwisho aligeuka akanitazama.

Vyumba viwili vitupu katikati ya mavuno. Lakini nilipokaa chini na kutafakari, nikaanza kucheka peke yangu. Kero zote mbili zimehamia kwa Julius. Mwenye nyumba awajibike! Kesho asubuhi namwita Mama Genoveva asikilize kwa masikio yake.


Jumatano, 15 Julai

Mama Genoveva alifika saa moja kamili. Tarumbeta ikaanza. Ilikuwa kali kuliko kawaida. Niliona fahari kidogo.

Akatoka Julius na wateja wake wa uji wa asubuhi, watu kama arobaini. Mama Genoveva akawauliza wanaionaje sauti hii. Wakasema ni burudani. Mmoja alisema tangu kijana ahamie amepona kichwa. Mama Genoveva akafungua daftari lake, akasoma maneno yangu mwenyewe kwa sauti: sauti isiyopendwa na majirani walio wengi. Akahesabu wanaoipenda. Akahesabu wasioipenda. Ilimchukua muda mfupi, kwa kuwa nilikuwa mimi.

Na bata je? Bata wako kidimbwini. Hawazagai.

Julius alinikaribisha uji. Nilikataa. Baadaye nilisikia ulikuwa na karanga.


Alhamisi, 16 Julai

Mungu hamtupi mtu mwenye nia njema. Nimepata mpangaji! Nikolausi, mtu wa makamo, mpole ajabu. Anaongea kwa kunong'ona. Anatembea bila viatu kusikika. Hana redio, hana bata, hapigi chochote. Alileta mizigo yake yote imefungwa vizuri kwenye turubai, akaipanga chumba cha tatu mwenyewe. Cha kwanza amekichukua pia, cha ziada. Vyumba vyote viwili kwa mkupuo!

Amesaini Masharti. Amesoma kifungu cha kumi na mbili mara mbili, akatabasamu.

Nikamwambia Efrazia, umeona? Akasema neno lake la kwanza tangu Jumapili: "Mh."


Jumapili, 19 Julai

Kuna harufu.

Nilidhani ni panya. Nikatafuta darini. Nikadhani ni mimi. Nikaoga. Mchana jua lilipopiga bati nikajua inatoka wapi. Nikagonga chumba cha tatu. Nikolausi alifungua kidogo tu, lakini kidogo kilitosha.

Ngozi. Ngozi mbichi za ng'ombe, zimepakwa chumvi, zimepangwa mpaka darini. Ananunua kwa wafugaji kote bondeni na kusubiri lori la kutoka Arusha. Alininong'oneza kwamba lori huchelewa.

Nzi wa Wilaya ya Hanang wamepata makao makuu.


Jumatatu, 20 Julai

Nimepitia sheria yangu ya utulivu neno kwa neno. Kelele ipo. Mifugo ipo, lakini ng'ombe wa Nikolausi wamekwisha kufa, hawazagai. Haja ndogo ipo. Harufu haimo. Hakuna aliyefikiria harufu.

Nikaenda kwa diwani kuomba marekebisho. Alikuwa anakula tena. Nilipokaa karibu yake aliacha kula. Alisema sasa sheria ziko Katesh, baraza linakaa Septemba. Akaniomba nizungumze nikiwa mlangoni.

Nikamtaka Nikolausi ahame. Akatoa karatasi kutoka mfukoni, akaikunjua taratibu. Kifungu cha kumi na mbili. Miezi sita. Muhuri: IMEPOKELEWA.

"Sijavunja lolote, mzee," alinong'ona. Na ni kweli.

Saa sita mchana Efrazia alipanda basi kwenda kwa dada yake Bashay. Amechukua nguo zake, Biblia na sufuria kubwa. Alisema, "Baba Imakulata, ukitaka kunipata, nifuate ukiwa umeoga." Mke wangu wa miaka thelathini. Nilisimama barabarani mpaka vumbi la basi likatulia.


Jumatano, 22 Julai

Mbwa.

Walianza wawili jana. Leo wamefika ishirini na kitu, wengine siwajui, nadhani wanatoka kijiji cha Masakta. Wamezunguka chumba cha tatu mchana kutwa wakibweka. Nikawarushia mawe. Wakaona ni mchezo.

Mama Genoveva alikuja na daftari, ameziba pua kwa kanga. Hakuhitaji kuuliza majirani kama wanaipenda hiyo sauti. Majirani walikuwa wamekuja naye.

Kosa la pili. Matofali mia mbili. La tatu, nyumba inafungwa.


Ijumaa, 24 Julai

Siku mbili, matofali thelathini na moja. Nakula ugali niliopika mwenyewe. Upande mmoja mbichi, upande mwingine umeungua. Sijui nimewezaje.

Leo akaja Hermani. Shikamoo mzee. Akavua shati. Nikamwambia waziwazi kwamba mimi ndiye niliyemfukuza. Akasema anajua, alikuwapo.

Tukafanya kazi. Mpaka umande unakauka tulikuwa tumebakiza mia moja. Kabla ya kuondoka alisema Jumapili lori la kanisa litaenda Haydom saa mbili asubuhi, na kuna nafasi. Akaongeza kwamba Mama Imakulata atakuwapo. Amekuwa akimpelekea mgonjwa wao uji kila siku tangu afike Bashay. Anapanda basi na sufuria kubwa.

Nimeoga mara tatu. Majivu, sabuni, halafu sabuni tena.


Jumapili, 26 Julai

Haydom. Watu wengi sana, mabasi yameleta wagonjwa kutoka kila kona. Kikundi kilijipanga nje ya wodi, madirisha yamefunguliwa. Nilimwona Efrazia amekaa dirishani kando ya kitanda cha yule mama. Alinitazama. Akavuta hewa kwa pua, kwa mbali, akatikisa kichwa kidogo. Si vibaya.

Hermani aliinua tarumbeta. Akaanza. Nusu ya kwanza naijua kuliko jina langu. Ilikwenda vizuri. Hata watoto waliacha kukimbia. Ikakaribia katikati, pale pale pa siku zote.

Wakati huohuo bwana mmoja aliyesimama jirani yangu akaninong'oneza, je, hospitalini si marufuku kupiga kelele? Swali la kisheria! Nikageuka kumweleza. Nikamwambia inategemea tafsiri ya kelele, na kwamba tafsiri hiyo imeandikwa na mimi. Nikamweleza majirani walio wengi. Nikamweleza uwajibikaji. Alikuwa msikilizaji mzuri sana.

Nilipogeuka, watu walikuwa wanapiga makofi. Wauguzi wanalia. Efrazia analia. Mama yake Hermani amenyoosha mikono nje ya shuka anaita, "Mwanangu! Mwanangu!" Hermani amekaa chini kwenye majani, tarumbeta mapajani, uso wote machozi.

Wimbo ulikuwa umekwisha. Sikuusikia.

Nilimwuliza yule bwana nusu ya pili ilikuwaje. Akasema hajui, alikuwa ananisikiliza mimi.

Efrazia alitoka nje tukakaa kwenye nyasi. Akanipa uji kwenye kikombe. Alisema atarudi ngozi zikiondoka, na kwamba nimwombe kijana msamaha. Nikaenda, nikaomba. Nilisema kwa moyo, si kwa mdomo tu. Nikamwambia Hermani chumba chake kipo, nitakisugua, arudi. Akanishika mkono kwa mikono miwili. Akasema asante sana mzee, amesamehe zamani, lakini kwa Julius kuna saruji.


Jumatano, 29 Julai

Lori limefika! Nikolausi amepakia ngozi zake zote, na ameondoka nazo. Alininong'oneza kwamba anavunja mkataba yeye mwenyewe, senta hii ina mbwa wengi mno, hawezi kupumzika. Mbwa wakalifuata lori mpaka kwenye kona ya ngano na hawakurudi.

Nimemwaga majivu, nimepaka chokaa, nimechoma majani makavu ndani. Matofali yamekwisha, mengi kwa mikono ya Hermani. Jioni Efrazia alishuka kwenye basi na sufuria lake. Alizunguka vyumba vyote vitano akinusa, kisha akaweka maji jikoni. Maharage na mahindi. Chumvi ya kutosha. Nilikula sahani tatu.

Alisema anaomba kitu kimoja tu: nisiandike tena sheria. Nikamwambia Mama Imakulata, nimechoka hata kushika kalamu.


Ijumaa, 31 Julai

Siku kubwa!

Diwani Margwe alituma niitwe. Alinikaribisha ndani kabisa, akanipa na kiti. Alisema Katesh wameisifu sana sheria yetu ya utulivu, na mwenyekiti wa halmashauri ameuliza kama tunaweza kuongeza sehemu ya harufu kabla ya kikao. Diwani alisema kijiji kizima hakuna mtu mwenye uzoefu wa jambo hilo kuliko mimi.

Nani angekataa? Nimeandika mchana kutwa nyuma ya choo, ambako Efrazia haji. Vifungu ishirini na viwili. Hakuna mwanya safari hii. Harufu yoyote inayovuka ua ni kosa, asubuhi, mchana na usiku, vyote nimeviandika. Majirani walio wengi nimewafuta. Akilalamika mmoja tu, inatosha. Onyo nimeliondoa, na nyumba inafungwa kwa kosa la kwanza. Mwenye nyumba awajibike peke yake. Julius anapika pombe kila siku Mungu aliyoiumba. Hatamaliza wiki!

Jioni nimempelekea diwani, akaisaini pale pale na kusema kijijini kwetu inaanza Jumatatu, kwa majaribio.

Na baraka haziji moja moja. Niliporudi nilimkuta mtu ananingoja kwenye benchi, anataka chumba cha tatu na cha kwanza pia. Mtu safi, kanisa kila Jumapili, hana tarumbeta, hana bata, hana ngozi. Nilimwuliza yote hayo, kwa maandishi. Nimempa funguo. Anahamia Jumapili na bidhaa zake.

Anauza samaki wakavu wa Ziwa Basotu.